Jicho Lililozibwa kwa Karatasi ya Sabuni

Wifi yangu hasahau. Wapo watu wanaosema wamesamehe ila hawajasahau, na wakisema hivyo huona wametoa neno la maana. Yeye hajawahi kujisumbua na ile nusu ya kwanza. Ukiazima sufuria yake ukairudisha na masizi, atakukumbusha siku ya harusi ya mwanao, mbele ya wakwe. Mimi ni mdogo wa mume wake, mshona nguo, na nimekaa nao nyumba moja tangu kaka yangu alipopoteza mkono. Nitasimulia habari za wifi bila kumpamba, maana hata mwenyewe hapendi kupambwa.

Zamani alikuwa fundi redio. Alikuwa na kibanda kando ya barabara, chenye meza moja, chuma cha kulehemu, na rafu iliyojaa feni na pasi ambazo wenyewe walikuwa wakiahidi kuzifuata kesho. Kaka alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha sabuni, upande wa kupanga maboksi. Nasema kupanga, lakini aliyepanga si yeye. Kulikuwa na mkono wa roboti, mkono mrefu wa chuma uliofungwa sakafuni kwa boliti. Uliokota boksi kwenye mkanda, ukageuka, ukaliweka juu ya chaga ya mbao, ukarudi kufuata jingine, asubuhi hadi jioni, bila kuomba hata maji ya kunywa. Kaka alikuwa wa kuutazama tu. Boksi likikaa upande alilinyoosha, chaga ikijaa aliivuta nje kwa toroli.

Lazima nieleze mashine ile inavyokwenda, la sivyo utashangaa kwa nini tulimchukia mtu kiasi kile. Mkono wenyewe hauna akili. Akili iko kwenye kompyuta ndogo iliyofungiwa ndani ya kabati la bati ukutani. Na kompyuta hiyo haioni mtu wala haisikii mtu akilia. Inajua tu yale inayoambiwa na macho yake. Mkono umezungushiwa uzio wa wavu, ukaachwa mlango mmoja wa kutolea chaga, na kwenye nguzo ya mlango huo kuna jicho. Jicho hilo hutupa mwanga hadi kwenye kioo kidogo kilicho kwenye nguzo ya pili, na mwanga hurudi. Ukirudi, kompyuta inajua njia ni nyeupe, inauambia mkono uendelee. Mtu akipita, au akiingiza hata kiwiko, mwanga unakatika na kompyuta inausimamisha mkono hapo hapo. Kisha huna budi kutoka, kubonyeza kitufe, na kusubiri mashine ijikague ndipo ianze upya.

Kusubiri huko ndiko kulikomkera msimamizi wa zamu. Wafanyakazi walimwita Chapuchapu kwa sababu neno hilo halikumwisha mdomoni. Chapuchapu, jamani. Chapuchapu, mama. Nadhani hata msalani alijihimiza. Yeye ndiye aliyegundua ujanja wa karatasi. Alichukua kipande cha karatasi ya kufungia sabuni, ile inayong'aa, akakibandika mbele kabisa ya jicho. Mwanga ukawa unagonga karatasi na kurudi papo hapo bila kufika popote, na jicho likawa linaripoti njia nyeupe hata kama ukoo mzima unapita na mizigo yao. Mkono haukusimama tena. Kazi ikaenda mbio na Chapuchapu akasifiwa.

Asubuhi moja alibandika karatasi hiyo kwenye mashine ya kaka na hakumwambia. Kaka aliona boksi limekaa upande, akaingiza mkono kulinyoosha kama alivyofanya siku zote, akijua mashine itasimama. Haikusimama. Hospitali walimkata mkono wa kulia chini ya kiwiko.

Wakaguzi walipofika, walilijaribu jicho mara kadhaa, na kila mara mashine ilisimama vizuri. Chapuchapu akaapa kwamba jicho halikuwa na kasoro tangu asubuhi, ila mwenzetu aliruka uzio kwa uvivu wa kuzunguka. Wakamwamini. Kaka akaachishwa kazi kwa uzembe, na neno hilo likamfuata kila alikokwenda kubisha hodi.

Hatukuwa na ushahidi. Kaka mwenyewe alikuwa hakumbuki vizuri, maumivu yalikuwa yamefuta kila kitu. Alikuwa akikaa uani, mkono wa shati umening'inia, na siku moja aliniuliza kwa sauti ya chini, "Labda kweli niliruka, eh?" Nilimwambia hapana. Akanitazama kama mtu anayehurumiwa, na tangu siku hiyo sikuwa na amani. Kupoteza mkono ni jambo moja. Lakini kumfanya mtu ajishuku mwenyewe, hilo lilinikaa kooni.

Wifi hakujiuliza hata kidogo. Alikuwa amekaa na vyombo vya umeme maisha yake yote. "Jicho haliwezi kupofuka na kupona saa ile ile," alisema. "Halikuumwa mafua. Limezibwa, likazibuliwa. Na aliyelizibua anajijua." Kisha akaongeza, taratibu, huku akipuliza chai yake, "Nitakula naye sahani moja."

Akafunga kibanda. Wateja walikuja kugonga, wakakuta kufuli. Akaenda chuo cha ufundi kusomea namna kompyuta zinavyoendesha mashine, akakaa darasani na vijana waliomwita mama. Huku nyumbani alikuwa akitufundisha kwa nguvu. Ukiweka birika jikoni atakuambia: ona, ukiwa na jicho la joto hapa, na amri hapa, moto utajizima wenyewe. Kaka akamwambia, "Mke wangu, birika tumezoea kulizima wenyewe." Ilikuwa mara ya kwanza acheke baada ya muda mrefu, nami nikashona siku ile kwa furaha.

Alipomaliza chuo aliomba kazi kiwanda kile kile, akitumia jina la kwao, na kwa kuwa mafundi wa namna hiyo walikuwa adimu, alichukuliwa. Chapuchapu alimpokea kwa bashasha zote. Alimwita Fundi Kompyuta, akamvuta kiti, akamwambia kiwanda kilikuwa kinamngoja yeye tu. Wifi alitabasamu. Jioni alirudi nyumbani akachukua sufuria iliyokwisha oshwa akaisugua hadi mkono ukamuuma.

Muda si mrefu aliziona zile karatasi za sabuni kwenye mashine nyingine. Chapuchapu alizibandika asubuhi na kuzibandua akisikia wageni wanakuja. Nilimuuliza wifi kwa nini asizipige picha akapeleke kwa meneja. Akasema Chapuchapu atadai ni za mfanyakazi mwingine, na huyo naye atafukuzwa kwa uzembe. Nikamuuliza kwa nini basi asiziharibu tu hizo mashine. Akanitazama kama niliyemtukana.

"Mashine imenikosea nini?" akasema. "Hiyo iliambiwa njia nyeupe. Mwongo ni mtu."

Basi akafanya kazi yake, tena kwa baraka za meneja, aliyekuwa amemwomba aziboreshe programu zote. Aliandika amri mpya ndani ya kompyuta za kabatini. Chaga ikijaa, haina pa kutokea ila mlangoni, na ikipita mlangoni lazima ikate mwanga. Kwa hiyo kompyuta ikawa inajiuliza kila mara: jicho la sakafuni linasema chaga imetoka, je, jicho la mlangoni limeiona? Kama jicho limesema halikuona kitu, basi jicho hilo limezibwa au limekufa, na mashine yote inasimama, king'ora kinalia, na haianzi mpaka jicho likaguliwe. Karatasi ya sabuni ilikuwa imefika mwisho wa maisha yake.

Chapuchapu alihangaika. Alibandika, king'ora kikalia. Alibandika kwa pembe nyingine, kikalia. Akabandika nusu karatasi, kikalia na meneja akatoka ofisini kuuliza kuna nini. Ilibidi mashine ziende mwendo wake wa halali, na mwendo wa halali ulikuwa wa polepole. Wifi alikuwa akirudi nyumbani kutusimulia haya kama watu wengine wanavyosimulia mpira. Kaka alisikiliza tu. Mimi nilidai kila king'ora nisimuliwe mara mbili.

Meneja akaja juu. Alitaka kujua kwa nini mwaka jana maboksi yalipangwa kwa kasi na mwaka huu yanapangwa kwa kusuasua, mashine zile zile, watu wale wale. Na hapo Chapuchapu alibanwa kwelikweli, maana jibu alikuwa nalo na hakuweza kulitoa. Angesema ni karatasi, wangemuuliza karatasi gani. Akajikanyagakanyaga, akalaumu unyevunyevu. Meneja akamwambia kama anazijua mashine hizo vizuri kama anavyojisifu, avue koti la usimamizi akasimame mwenyewe kwenye mashine mpaka kasi ya zamani irudi. Ikawa mashine aliyopangiwa ni ile ile ya kaka. Wifi anasema ilitokea tu. Simwamini.

Ukimwona mtu uliyemchukia amevaa ovaroli, jasho linamtiririka, anavuta toroli kwenye mlango ule ule, unaweza kufikiri moyo utatulia. Wa kwetu haukutulia. Tulikuwa tunataka neno kutoka kinywani mwake. Tulitaka aseme nani aliliziba lile jicho, ili kaka aache kujishuku. Mengine yote yalikuwa vitafunio tu.

Mwishoni alikuja mwenyewe. Alimvizia wifi kando ya kabati la bati, akazungumza akiangalia huku na huku.

"Fundi, dada yangu, maji yamenifika shingoni. Wewe ndiye mwenye kompyuta. Hebu iambie isiliulize hilo jicho. Mashine yangu tu. Nikirudishiwa usimamizi, sitakusahau."

"Unataka nilizibe kwa ndani?"

"Kwa muda tu."

Wifi alijifanya anawaza. Kisha akasema jambo kubwa kama hilo haliamui peke yake, mume wake ndiye anayemshauri mambo ya mashine zile, kwa hiyo aje nyumbani Jumapili amwombe mwenyewe. Chapuchapu akashukuru. Alikuwa hajui mume huyo ni nani.

Jumapili mchana akabisha hodi. Alikuwa amepiga pasi suruali mpaka ina makali, na mkononi amebeba zawadi. Nilipoifungua niliona ni sabuni, tena ya kiwandani. Nikamkaribisha sebuleni, ambako pia ndiko kuna cherehani yangu, nikamwambia mwenye nyumba anakuja. Kaka akaingia kutoka uani na ndoo kwenye mkono wa kushoto. Alikuwa amevaa shati nililomtolea vifungo na kumwekea zipu, ili aweze kuvaa bila kusaidiwa.

Chapuchapu alikuwa amekwisha simama na kunyoosha mkono wa kusalimia. Ukabaki hewani.

"Huyu ndiye mume wangu," wifi akasema. "Mwambie ulichoniambia mimi."

"Fundi, ungenieleza mapema."

"Ungekuja?"

Akatazama mlango. Kiti changu cha cherehani huwa kiko karibu na mlango. Siku ile nilikuwa nimekisogeza karibu zaidi, na nilikuwa nimekikalia.

Kaka akaweka ndoo chini, akaketi. Hakuonyesha hasira, na hilo lilinitisha. "Karibu, msimamizi," akasema. "Sema shida yako."

"Ni kasi, ndugu yangu. Haitoshi. Meneja atanifukuza. Nilikuwa namwomba fundi alizibe jicho, kwa kompyuta. Karatasi haifanyi kazi tena."

"Karatasi gani?"

Nadhani hata yeye alikuwa hajasikia alichosema mpaka kiliporudishwa kwake.

"Ya sabuni," akasema.

"Zamani ilikuwa inafanya kazi?"

"Ndiyo."

"Siku yangu ilikuwepo?"

Alijipangusa uso kwa kiganja. "Ilikuwepo."

"Aliiweka nani?"

"Mimi."

"Mbona wakaguzi hawakuiona?"

"Niliibandua."

"Lini?"

Wifi alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha kaka, na vidole vyake vilikuwa vimeshika mgongo wa kiti kile kwa nguvu.

"Walipokuwa wanakubeba," akasema Chapuchapu. "Wote walikuwa wanakutazama wewe."

Mkasi ulikuwa mapajani mwangu. Nitasema kweli, niliutazama. Kaka yangu alikuwa sakafuni anatoa damu, watu wanakimbilia vitambaa, na mtu huyu alikuwa kwenye nguzo anakwangua karatasi kwa kucha. Nilitaka kumwona analia. Nilitaka zaidi ya hapo. Sioni haya kulisema.

Kaka aliangalia sakafu. Kisha akapumua, pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo, akageuza kichwa kwa mkewe.

"Mzibie."

"Unasemaje?" wifi akauliza.

"Mgeni ameomba. Lizibe jicho. Kesho."

Chapuchapu akaruka kama aliyemwagiwa maji. "Hapana, ndugu yangu. Basi. Nimeghairi, sitaki tena."

"Una bahati," kaka akamwambia. "Wewe unaweza kughairi. Mimi hukuniuliza."

Akachukua ndoo yake akarudi uani. Nilisogeza kiti. Wifi akamsindikiza mgeni hadi nje, na kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi nilisikia yote.

"Kesho kwenye kikao cha zamu, meneja akiwepo, utasema uliyoyasema humu ndani. Usiposema, ipo siku nitaliziba. Huenda ikawa kesho, huenda ikawa mwakani."

"Fundi, utaniua."

"Mume wangu hakufa."

Kesho yake sikuwepo, lakini nimesimuliwa na wengi. Kikao hufanyika asubuhi, watu wamesimama mbele ya mashine. Meneja alisema ya kwake, akauliza kama kuna mwenye neno. Chapuchapu alitazama viatu vyake. Kikao kikafungwa, mashine zikawashwa, na meneja akabaki pale pale mlangoni na mikono nyuma, maana alitaka kuona hiyo kasi kwa macho yake. Wifi alikaa kwenye kiti kando ya kabati, kompyuta yake mapajani, waya wake umechomekwa kabatini.

Mkono wa chuma ukaanza kazi. Maboksi machache tu, moja likakaa upande. Chapuchapu akasogea mlangoni, akainua mkono wa kulia, akausimamisha kwenye nguzo, karibu na jicho. Akamtazama wifi. Wifi alikuwa anatazama kompyuta yake. Meneja akamwambia anyooshe boksi, anangoja nini. Akausogeza mkono, akaurudisha. Wanasema alifanya hivyo zaidi ya mara moja, na kila mara uso ulizidi kukosa rangi, na maboksi yakaendelea kupangwa juu ya lile lililokaa upande mpaka rundo zima likaporomoka.

Hapo akageuka akayasema yote, kwa sauti ya kushinda mashine. Karatasi, kiapo, kubandua wakati mwenzake anabebwa. Hakuacha kitu. Watu waliokuwa wakimwona kaka mzembe walisimama wakamsikia, na kabla ya saa ya chakula Chapuchapu alikuwa ameshatolewa getini. Wiki ile ile kaka aliitwa, meneja akamwomba radhi mbele ya zamu yote na kulifuta lile neno uzembe. Alirudi nyumbani amenyooka mgongo. Alikula vizuri, na hakuniuliza tena kama aliruka uzio.

Jioni ya siku hiyo tulikuwa jikoni, mimi na wifi, tunamenya vitunguu. Nilikuwa nimefurahi sana, nikawa namwigiza Chapuchapu anavyopeleka mkono na kuurudisha, nacheka peke yangu.

"Mtu mzima," nikasema, "kaogopa jicho zima kabisa."

"Halikuwa zima," wifi akasema.

Nikaacha kucheka. Hakuinua uso, kisu kilikuwa kinakwenda vile vile.

"Kikao kilikwisha na alikuwa amenyamaza. Nikaliziba. Alipomaliza kusema, nikalizibua."

"Wifi. Na kama angeingiza mkono?"

"Kaka yako si alisema nilizibe?" Akasukuma maganda pembeni. "Yule angeniuliza, ningemwambia."

Nikachukua kitunguu kingine.